Utomvu Mfukoni mwa Nazilda

Kila aliporudi kutoka shule, Nazilda alivua viatu kwenye ngazi, akanawa miguu kwa maji ya ndoo, kisha akaketi kula. Mama yake alikuwa amekwisha kukamua asai, yale matunda madogo ya mtende wa mtoni, tangu asubuhi, na uji ule mzito wa zambarau ulimngoja bakulini pamoja na unga wa muhogo uliokaangwa na kipande cha samaki. Akimaliza, meno yakiwa bado ya zambarau, alitungua aproni yake msumarini na kwenda chumba cha nyuma, alikofanyia kazi babu yake.

Nyumba yao ilisimama juu ya nguzo ukingoni mwa mto, mjini Abaetetuba. Chini, kwenye kibanda cha pembeni, Mjomba Eurico aliziba mashua zilizovuja. Juu, Babu Deodato alitengeneza amplifaya, mashine za kukuzia sauti ya gitaa. Wateja wa mjomba walikuja wamelowa, wateja wa babu walikuja wakiimba, na mama aliwapa wote kahawa ile ile.

Babu hakununua amplifaya na kuziuza. Alizitengeneza mwenyewe kutoka kwenye redio kuukuu zilizokufa. Alitoa ndani yake valvu, yaani zile chupa ndogo za kioo ambazo huwaka rangi ya chungwa zikipata moto, akazipanga juu ya bati la mkebe wa biskuti, akaziunganisha kwa nyaya, kisha akafungia kila kitu ndani ya kasha la mbao. Sauti yake ilikuwa nene na tamu, yenye mkwaruzo kidogo gitaa likipigwa kwa nguvu. Watu waliokuwa wakivuka mto waliweza kusema, bila kuona, kwamba ile ni amplifaya ya Deodato.

Kazi hiyo ilikuwa na hatari yake, maana ndani ya mashine kama hizo umeme hubaki hata ukiisha kuchomoa waya ukutani. Kwa hiyo babu alikuwa na sheria. Kabla ya kulehemu, chomoa waya, ngoja, ondoa umeme uliobaki. Na ukipima mashine inayowaka, mkono mmoja ushike kijiti kikavu, mwingine ukae mfukoni, usije ukagusa pasipotakiwa. Nguo za Nazilda hazikuwa na mifuko. Babu akakaa kitako na sindano, akamshonea mfuko mkubwa kwenye aproni ya turubai. Mshono ulikwenda upogo kama njia ya siafu, lakini mfuko ulishika.

Kazi ilipochosha, walitegeana vitendawili.

"Kitendawili," babu alisema.

"Tega."

"Nyumba yangu ya kioo, ndani kuna makaa na moshi hautoki."

"Valvu, babu. Hicho mpe Mjomba Eurico."

Aliyeshindwa ilimbidi atoe mji. Nazilda alikuwa amekwisha kupewa Belém mara nyingi, na Cametá, na miji mingine ambayo babu mwenyewe hakuwahi kuiona. Mama alisema mtoto huyu akija kudai miji yake yote, serikali itakosa pa kukaa.

Mwaka ule, kabla ya sikukuu ya Mtakatifu Benedito, babu alikuwa akimtengenezea amplifaya Mzee Laurindo. Huyu ndiye aliyepiga gitaa kila mwaka mtaa ulipoinua mlingoti wa mtakatifu. Mti mrefu huvikwa majani na matunda, hubebwa mabegani hadi kanisa dogo, husimamishwa mbele ya mlango, na hapo gitaa huanza na watu hucheza. Amplifaya yake ya zamani ilikuwa imeliwa na mchwa. Mpya ilikuwa karibu kwisha. Kilibaki kiungo kimoja tu, kile cha kuunganisha valvu ndogo na valvu kubwa.

Babu alishika pasi ya kulehemu, akaitazama ncha yake. Ilikuwa ikitetemeka kidogo. Siku hizo mikono yake ilikuwa imeanza kutetemeka, hasa jioni. Akaigeuza pasi, akampa Nazilda upande wa kushikia.

"Hiki cha mwisho ni chako," alisema. "Umelehemu vipande vya kujifunzia vya kutosha. Mzee Laurindo akija, nitamwambia kuna kiungo kimoja cha fundi Nazilda."

Nazilda alikuwa na miaka kumi na miwili, na alikuwa hajapata kuitwa fundi na mtu yeyote. Alihisi masikio yanapata moto.

Lakini risasi, ile madini laini inayoyeyushwa kwa pasi, peke yake haishiki waya. Inahitaji utomvu wa mti, mkavu na safi, wa rangi ya asali. Ukiuyeyusha juu ya waya unaondoa uchafu, ndipo risasi hutiririka na kushika. Babu aliuweka utomvu wake katika mkebe wa dagaa, na siku ile mkebe ulikuwa mtupu.

"Nenda dukani kwa Bi Altamira," babu alimwambia. "Nenda kabla ya mvua. Mimi najinyoosha kidogo kwenye kitanda cha bembea."

Nazilda alitoka kweli akiwa na nia ya kwenda dukani. Ila njia ilipita gatini, na gatini alikuwapo binamu yake Ozimar na wenzake, wakingoja boti kubwa ipite ili waruke kwenye mawimbi yake. Ozimar alimwita, naye alipojigamba kwamba sasa ni fundi, akamwambia fundi mzima haogopi maji. Nazilda akaruka mara moja, halafu nyingine, halafu hakuhesabu tena. Mvua ya alasiri ilimkuta humo humo mtoni. Alipofika dukani, Bi Altamira alikuwa amefunga milango, kama wafungavyo wote mvua ile inapoanza.

Alirudi nyumbani amelowa, mikono mitupu. Babu alikuwa bado amelala. Chini kwenye kibanda, Mjomba Eurico alikuwa ameacha sufuria yake ya kazi imepoa. Yeye naye alitumia utomvu, kuzibia nyufa za mashua. Ulikuwa na rangi ile ile ya asali iliyoiva, na harufu karibu ile ile. Nazilda alijua kwamba mjomba huuchemsha na mafuta ya ng'ombe ili usipasuke juani. Alijua, lakini alijiambia utomvu ni utomvu. Akavunja vipande viwili, kimoja akakitumbukiza mfukoni kiwe akiba, akapanda juu na kingine.

Pasi ilipogusa utomvu ule, ulitoa moshi mweusi wenye harufu ya nyama. Risasi haikutiririka. Ilijikunja kama tone la maji juu ya jani la yungiyungi. Nazilda akaikandamiza, akaisukuma huku na huku, mpaka ikakaa. Ilipopoa ilikuwa inang'aa.

Babu aliamka, akaja na taa ya mkononi, akainama. Akaushika waya kwa koleo na kuuvuta kidogo. Ulishika.

"Kinang'aa kama jicho la samaki mbichi," alisema. "Umepata utomvu kwa Bi Altamira?"

"Ndiyo, babu."

Neno lilitoka upesi, kana kwamba lilikuwa limeshapanga foleni mdomoni. Babu akamwita mama aje aone, akamwita na mjomba kutoka chini. Wote walikisifu kile kiungo. Nazilda alitazama sakafu, nao wakadhani ni haya ya kusifiwa.

Kesho yake mapema alikwenda kwa Bi Altamira, akachukua utomvu safi, akaujaza mkebe. Akafikiri jambo limekwisha.

Mzee Laurindo alikuja kuichukua amplifaya yake, akaipeleka uwanjani kwa kanisa kufanya mazoezi. Nazilda na babu walifuata nyuma. Wimbo wa kwanza ulikwenda vizuri, wa pili vizuri zaidi. Katikati ya wimbo wa tatu, gitaa lilinyamaza. Vidole vya Mzee Laurindo viliendelea kucheza juu ya nyuzi, lakini hakuna kilichotoka ila mngurumo mdogo wa spika. Akalipiga kasha kofi. Sauti ikarudi. Baada ya muda ikapotea tena.

Watoto walicheka. Ozimar alisema amplifaya hiyo imemfuata fundi wake, maana hata Babu Deodato husinzia misa ikifika mahubiri. Babu alicheka pamoja nao, akasema mashine mpya ni kama mtoto mchanga, lazima ilie kidogo. Wakairudisha nyumbani.

Babu akaitoa kwenye kasha, akailaza juu ya meza tumbo juu, akaiwasha. Nazilda alipiga gitaa kuukuu la mazoezi tangu asai ya mchana hadi mvua ilipokatika, na sauti haikukatika hata mara moja. Babu akabadilisha valvu moja moja. Akasugua miguu ya valvu, akabadilisha waya wa gitaa, akatikisa kila kitu kinachotikisika. Mashine ikaimba tu. Walipoirudisha kwa Mzee Laurindo ndani ya kasha lake, ikaimba nyimbo mbili, ya tatu ikanyamaza.

Safari hii babu hakucheka. Aliibeba hadi mezani, kisha akaanza kufikiri kwa sauti, kama alivyozoea ili Nazilda ajifunze.

"Gitaa likipotea, mngurumo unabaki," alisema. "Kwa hiyo umeme upo na spika ni nzima. Ni njia ya gitaa inayokatika mahali fulani. Tutagonga kiungo kimoja kimoja. Mkono mfukoni."

Nazilda aliingiza mkono mfukoni. Vidole vyake vilikutana na kile kipande cha utomvu. Alikuwa amekisahau. Joto la chumba lilikuwa limekilainisha, kikamnata.

Babu alishika kijiti cha mti wa asai na kugonga polepole, huku Nazilda akivuta uzi wa gitaa kwa mkono wake mmoja. Kiungo cha kwanza, sauti ipo. Cha pili, ipo. Kijiti kikafika kwenye kile kinachong'aa kama jicho la samaki, kikasimama hewani.

"Hiki ni chako," babu alisema. "Ulikilehemu kwa utomvu wa mkebe, sivyo?"

Hapa ndipo angeweza kusema. Chumbani hapakuwa na mtu mwingine, na babu hakuwa na hasira. Alikuwa anauliza tu, kama fundi anavyomuuliza fundi mwenzake. Nazilda alihisi utomvu ukimganda kwenye vidole mfukoni.

"Ndiyo, babu."

"Basi hiki tukiache." Na kijiti kikapita juu yake bila kukigusa.

Babu alimwamini, akatafuta kwingine. Alivirudia upya viungo vyake vyote yeye mwenyewe, kimoja baada ya kingine, akiishika pasi kwa mikono miwili ili isitetemeke. Alijichoma kidole. Nazilda alitaka kumsaidia, babu akamwambia apumzike, hapa panatakiwa kurekebishwa makosa ya mzee. Nazilda alikwenda kukaa kwenye ngazi, asijue aiweke wapi mikono yake.

Siku moja kabla ya sikukuu waliipeleka amplifaya tena. Wanaume walikuwa wameulaza mlingoti uwanjani, wakiuvika majani. Wimbo wa tatu, sauti ikakatika. Hapakuwa na aliyecheka, na hilo lilikuwa baya kuliko kicheko.

Babu alivua kofia yake. Akasema mbele ya wote, "Laurindo, kosa ni langu. Viungo vyote nimevikagua na bado. Ni mikono yangu hii, haifai tena. Tafuta amplifaya nyingine kwa kesho, usije ukaaibika mbele ya mlingoti kwa sababu yangu."

Mzee Laurindo alianza kukataa. Mwishowe alisema mwenye ukumbi wa dansi ana mashine ya dukani, ataiazima. Aliyasema hayo akitazama pembeni. Wale wanaume wakainama kwenye majani yao. Mmoja alimnong'oneza mwenzake, naye Nazilda akasikia, kwamba inasikitisha kumwona mtu kama Deodato akifika mwisho wake.

Nyumbani, babu aliisafisha pasi ya kulehemu, akaizungushia kitambaa, akaiweka juu ya kabati mahali ambapo Nazilda hafikii. Mama alimuuliza anafanya nini. Akajibu kwamba kila kazi ina siku yake ya kufungwa. Mama aliingia jikoni, na kwa muda mrefu sufuria hazikusikika.

Nazilda hakula. Mama aliiona aproni yake, akauliza hili doa la kunata mfukoni ni la nini. Nazilda akasema si kitu. Sasa hata maneno mafupi kama hayo yalimchoma. Alijiona kama mwizi anayeishi katika nyumba aliyoiibia, anapewa chakula na kuitwa mwanangu.

Asubuhi ya sikukuu, kukiwa bado na ubaridi kutoka mtoni, babu alikuwa amekaa kwenye ngazi, mikono juu ya magoti, akiitazama. Nazilda akakaa ngazi ya chini yake. Alikuwa na aproni ingawa hapakuwa na kazi.

"Kitendawili," babu alisema taratibu.

"Tega."

"Akiwa na baridi anasema. Akipata joto ananyamaza. Mpige kofi, anasema tena."

Nazilda alishika mdomo wa mfuko wa aproni.

"Hiki sijui jibu lake mwenyewe," babu akaendelea. "Nimelitafuta wiki nzima. Nadhani jibu lake ni uzee. Nimeshindwa, mjukuu wangu. Taja mji wowote nikupe."

"Sitaki mji, babu."

Sauti yake ilikuwa ndogo hata yeye mwenyewe hakuitambua. Aliingiza mkono mfukoni na kujaribu kukitoa kile kipande, lakini kilikuwa kimeganda kwenye turubai. Ikambidi aupindue mfuko wote nje, utomvu ukining'inia, umeshika nyuzi na vumbi.

"Jibu ni hili. Sikwenda dukani siku ile. Nilikwenda kuogelea na Ozimar, duka likafungwa. Nilichukua utomvu wa mjomba, ule wa kuzibia mashua. Si mikono yako, babu. Haikuwa mikono yako hata siku moja."

Babu aliinama, akakinusa kile kipande. "Mafuta ya ng'ombe," alisema. Boti moja ilipita mtoni, mawimbi yake yakafika kwenye nguzo za nyumba, yakaisha, na babu bado alikuwa kimya. Nazilda alitamani amgombeze.

"Nilipokuuliza mara ya pili," babu alisema, "ulikuwa nacho mfukoni?"

"Nilikuwa nimekishika."

Babu alifumba macho kidogo, kama mtu aliyeingiwa na moshi. Jambo hilo ndilo lililomuuma, na Nazilda aliliona likimuuma. Hapo ndipo alipolia.

Babu hakumbembeleza, wala hakumfukuza. Aliinuka, akaenda kushusha kile kitambaa juu ya kabati.

"Futa pua," alisema. "Kwanza tuhakikishe. Fundi hahukumu kabla ya kupima."

Waliilaza mashine mezani, wakaiwasha, na safari hii babu akaifunika kwa gunia kavu, akisimama karibu kuiangalia. Akamweleza: kila walipoipima hapa mezani tumbo lilikuwa wazi, upepo unaipoza, ndani ya kasha joto la valvu halina pa kutokea. Nazilda akavuta nyuzi. Kwa muda sauti ilikuwapo. Valvu zikawaka, gunia likapata joto, na ghafla gitaa likapotea, ukabaki mngurumo. Babu akaondoa gunia, akatia mkono mmoja mfukoni, akakigonga kile kiungo kinachong'aa kwa kijiti. Sauti ikarudi. Akagonga tena, ikapotea.

"Haya," alisema. "Tumekipata."

Wakachomoa waya, wakangoja, babu akaondoa umeme uliobaki. Kisha akampa Nazilda pasi. Nazilda akasema hastahili kuishika. Babu akamjibu kwamba aliyekiharibu ndiye atakayekitengeneza, na asiharakishe.

Risasi ilibanduka yote kwa pamoja, kama gamba la samaki. Chini yake palikuwa na utando wa kahawia, na waya ndani ulikuwa haujaguswa kabisa. Utomvu wa mashua ndio uliokuwa umeushikilia, nao kila ulipopata joto ulilegea, waya ukaachana na risasi. Nazilda aliukwangua kwa kisu, akaufuta kwa kitambaa chenye tone la pombe kali ya miwa, akaukwangua tena mpaka shaba ikaonekana nyekundu. Akaweka utomvu wa mkebe. Moshi ulitoka mweupe, mwembamba. Risasi ikatiririka yenyewe, ikauzunguka waya, ikatulia.

Babu alikitazama kwa taa, asikisifu. Alisema tu, "Sasa iko kazi ya pili. Nilimwambia Laurindo mbele ya watu kwamba kosa ni la mikono yangu. Neno lile si la kweli, nami nililisema bila kujua. Nani atakwenda kulirekebisha?"

Nazilda alijua jibu, na hicho hakikuwa kitendawili.

Ilipokwisha kurudishwa kashani, Nazilda aliibeba pamoja na Ozimar, kila mmoja upande wake. Njiani Ozimar aliuliza mbona amevimba macho, naye akamwambia yote. Ozimar akafungua mdomo kama anayetaka kutania, kisha akaufunga. Baada ya hatua chache alisema ni yeye aliyemwita mtoni. Nazilda akamjibu kwamba aliyeitwa alikuwa na miguu yake.

Uwanjani walikuwamo wale wale wa jana, wakifunga mananasi na ndizi kwenye mlingoti. Mashine ya dukani ilikuwa imekwisha kupangwa mlangoni kwa kanisa. Mzee Laurindo alimwona mtoto, akaja na uso wa huruma, na huruma ile ilimfanya Nazilda atamani ardhi ifunguke.

"Mzee Laurindo, nakuomba unisikilize na wengine wasikie," alisema. "Jana babu alisema mikono yake haifai. Si kweli. Kilichoharibika ni kiungo nilicholehemu mimi, kwa utomvu wa mashua, kwa uvivu wa kwenda dukani. Babu aliniuliza mara mbili, mara zote nikamdanganya. Mikono ya babu haina kosa."

Mtu mmoja akaguna. Yule aliyenong'ona jana akawa anafunga na kufungua fundo lile lile la kamba.

"Kwa hiyo Deodato ni mzima?" Mzee Laurindo aliuliza.

"Anatetemeka kidogo jioni. Lakini viungo vyake vyote vimeshika."

Mzee Laurindo alijikuna kidevu. Akasema maneno ni mazuri, ila yeye usiku anasimama mbele ya mtaa mzima, na kile kimya cha wimbo wa tatu anakijua. Akachomeka gitaa lake kwenye kasha la mbao. Akapiga wimbo wa kwanza na wa pili. Nazilda alikuwa amechuchumaa, kiganja juu ya mbao, akiusikia moto ukipanda. Wimbo wa tatu ulipoanza alifumba macho. Ukafika katikati. Ukapita katikati. Ukaisha, na Mzee Laurindo hakusimama, akaingia wa nne, akapiga kwa nguvu mpaka sauti ikatoa ule mkwaruzo wake, na upande wa pili wa uwanja mwanamke mmoja akapaza sauti kwamba hiyo ni ya Deodato.

Mzee Laurindo akawaambia vijana wairudishe ile mashine ya dukani kwa mwenyewe, na wamshukuru.

Mvua ilipokatika alasiri ile, mlingoti ulibebwa mabegani, ukasimamishwa, matunda yakining'inia juu ya vichwa vya watu. Gitaa likaanza. Babu alikuwa amekaa kwenye benchi na kofia yake kichwani, na kila aliyepita alimshika mkono. Nazilda alisimama mbali kidogo, asijue kama anaruhusiwa kukaa karibu naye. Babu akasogea, akapiga benchi kwa kiganja.

Walisikiliza nyimbo kadhaa. Kisha babu alisema, macho yakiwa kwa wachezaji:

"Kuharibu kiungo hakukunikasirisha. Mimi nimeharibu vingi, na kimoja kiliwahi kunichomea pazia la mama yako. Ungeniambia siku ile ile, tungekibandua, tungecheka, tungekula asai. Lakini ulipoficha, ulinituma nikatafute kosa mahali ambapo halipo. Nikalitafuta kwenye valvu, nikalitafuta kwenye nyaya, mwisho nikalitafuta kwangu mwenyewe, nikaliona. Umenielewa? Niliona kosa ambalo sikuwa nalo. Ukikosea, useme mapema, kazi ingali baridi. Ukingoja ipate moto, anayeungua mara nyingi si wewe, ni mwenzako aliyekuamini."

"Nimeelewa, babu. Nisamehe."

"Nimekusamehe asubuhi, ulipoupindua ule mfuko. Kukuamini kama zamani kutachukua muda kidogo, na hilo usinikasirikie."

Nazilda akaitikia kwa kichwa. Mchana ule mama alikuwa ameifua aproni ile kwa sabuni na kwa maji ya moto, na doa mfukoni halikutoka. Nazilda hakuomba nyingine.

Mzee Laurindo alimaliza wimbo, watu wakapiga makofi, naye akaelekeza kidole kwenye benchi lao. Babu akainua kofia. Kisha akamwinamia mjukuu wake.

"Na mji sikupi," alisema. "Kitendawili chenyewe ulikijibu."

"Sistahili hata kijiji, babu."

"Tutaona. Mkebe unakaribia kwisha. Kesho ukitoka shule, uanzie dukani kwa Bi Altamira." Akaiweka kofia sawa. "Kabla ya mvua."